Fundi Munene na Austin Iliyokata Kinyume

Saa moja na nusu asubuhi, na ukungu wa Kitale bado haujaamua kuondoka. Munene Kabiru amechuchumaa mbele ya karai la mafuta taa, mkono wake wa kulia umezama humo, na uso ameuelekeza upande kama mtu anayetolewa damu hospitalini. Haangalii anachokishika. Anakipapasa.

"Huyu hapa," anasema, akiutoa mkono.

Kilicho kiganjani ni skrubu nene ya chuma, kiasi cha hindi changa, yenye mfereji unaoizunguka toka mwanzo hadi mwisho. Imetoka ndani ya boksi ya usukani ya trekta kuukuu. Dereva anapozungusha usukani huko juu, skrubu hii ndiyo inayoupokea mzunguko huo na kuusukuma hadi kwenye magurudumu ya mbele.

"Gusa hapo katikati. Si imelika? Sasa gusa pembeni. Hapo iko mpya kabisa, ni kama imetoka dukani jana."

Mwandishi anagusa katikati, anagusa pembeni, na kusema kweli haoni tofauti yoyote. Munene anacheka kicheko cha mtu aliyezoea kuwaona wageni wakianguka mtihani huo.

"Gari siku zote huenda mbele, haiendi ikizunguka zunguka. Kwa hivyo katikati ndio hulika. Sasa fundi mwingine akisikia inacheza, anakaza tu. Inakazika katikati, mwenyewe anafurahi, halafu akifika kwa kona, inashika. Anaenda na wewe abiria mtaroni mkiwa marafiki."

Munene ana umri wa miaka hamsini na saba. Kwa zaidi ya miaka thelathini hajafanya kazi nyingine ila hii ya usukani. Gereji yake, ikiwa paa la mabati na nguzo nne ni gereji, iko nyuma ya posho mill, na vumbi la unga humwangukia mchana kutwa mpaka jioni nywele zake huwa na mvi nyingi kuliko anazostahili. Ukimpelekea injini atakuelekeza kwa jirani. Ukimpelekea breki atakuelekeza kwa jirani mwingine. Boksi ya usukani ukiileta, ataipokea kwa mikono miwili.

Kwa nini usukani tu? Swali hilo ameulizwa sana, na jibu lake halibadiliki.

"Injini ikikataa, gari inasimama. Stering'i ikikataa, gari haisimami."

Baba yake alitoka Nyeri na kuja Trans-Nzoia mara baada ya uhuru, akawa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa kabla ya kupata ekari zake chache. Munene aliacha shule darasa la saba na kuandikwa kazi na fundi mmoja Singasinga mjini Kitale. Wenzake walipigania injini, maana huko ndiko kulikokuwa na sifa. Yeye alikuwa na vidole vyembamba, akatupwa chini ya gari, upande wa mbele, mahali pa matope na grisi ambapo hakuna aliyepataka. Akapapenda.

Kazi hiyo haijamtajirisha. Boksi moja humpa shilingi elfu tatu, wakati mwingine elfu nne ikiwa amelazimika kwenda Bungoma kuchongesha bushi, zile pete za shaba za ndani ya boksi. Kuna miezi anafungua boksi sita, na kuna miezi anaonja moja tu. Magari yanayotoka Japani yamekuja na usukani mwepesi, na yakiharibika watu hununua kisanduku kizima kingine badala ya kutengeneza. Waliobaki kwake ni wenye matrekta, wenye pikapu za zamani, na wale watu ambao hawataki kuachana na gari hata wakilipwa.

Mmoja wa hao ndiye aliyemfanya abadilishe namna yake ya kufanya kazi, na hadithi hiyo Munene huisimulia polepole, huku akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe.

Ilikuwa mwaka jana, 2005, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani. Mzee Madanlal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, alimletea Austin Cambridge ya mwaka 1959, rangi ya maziwa chini na kijani juu. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja. Gari hilo alilinunua likiwa jipya, na watu wa Kitale wa rika la Munene wamekua wakiliona likipita kila Jumapili, limeng'aa, mwenyewe kakaa wima ndani yake.

"Fundi, hii stering'i iko nzito sana," mzee alimwambia. "Safari hii sitaki rekebisha tu. Nataka nyepesi. Nyepesi kabisa, mtu anazungusha na kidole. Harusi ya Divya iko Disemba, Bungoma. Bibi harusi ataenda na gari hii."

Divya ni mjukuu wake, binti wa mwanawe. Munene alikubali papo hapo. Hakuuliza neno jingine, na anataka jambo hilo lieleweke.

"Mimi niliuliza gari. Niliinama chini nikauliza gari kila kitu. Mzee mwenyewe sikumuuliza hata kitu moja."

Kuifanya Austin ya zamani hivyo iwe nyepesi si kazi ya kukaza nati mbili. Boksi yenyewe haikutengenezewa msaada wowote. Nguvu zote hutoka mabegani mwa dereva. Munene aliamua kuing'oa na kuweka boksi ya pawa, ile inayosukumwa na mafuta kutoka kwenye pampu. Aliipata Bungoma, kwenye skrapu, ndani ya pikapu ya Kijapani iliyokuwa imeanguka vibaya upande wa nyuma lakini mbele ikasalimika. Akaifungua kila kipande, akabadilisha sili zote za mpira zilizokuwa zimekauka kama maganda ya maharagwe, akapunguza mchezo wake kwa vibati vyembamba alivyokata kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mkebe huo ni siri ya kazi, anasema, kisha anaisema siri hiyo kwa kila mtu: bati lake ni jembamba na halipindi.

Siku chache baada ya kuanza, alipata mgeni. Mama mmoja aliyevaa nadhifu alisimamisha gari dogo barabarani, akaja akirukaruka madimbwi ya oili kwa ndara zake. Alikuwa Savitri, mkamwana wa Mzee Madanlal, mama yake Divya, na ndiye anayesimamia duka siku hizi.

"Fundi, ile kazi ya Bauji," alisema. Bauji, yaani baba, ndivyo anavyomwita mkwewe. "Mimi naomba usifanye."

Munene alifikiri ni habari ya pesa. Haikuwa ya pesa. Savitri alimweleza kwamba katika mwaka mmoja mzee alikuwa amegonga nguzo ya lango, akapindua meza ya mama mmoja wa nyanya, na mara ya mwisho akamkosakosa kijana wa baiskeli ya boda boda kwa upana wa kidole. Macho yalikuwa yanazima. Mumewe alipojaribu kuliuza gari, mzee alikataa kula siku mbili. Kilichokuwa kinawasaidia kidogo ni ule uzito wa usukani, kwa sababu mzee alichoka haraka na kurudi nyumbani.

"Sasa wewe unatoa hiyo uzito. Ataenda mpaka Bungoma, na mtoto wangu ndani, na sari ya harusi. Mwambie imeshindikana. Akisikia kwa mtu mwingine hataamini. Akisikia kwako ataamini."

Munene hakumjibu ndiyo wala hapana. Aliangalia chini. Mkewe, Wacuka, anakumbuka kwamba jioni hiyo alirudi nyumbani akala githeri yote bila kulalamika chumvi, na hapo akajua kuna jambo.

Lilikuwa jambo kweli. Kumpa mtu kazi mbovu kwa makusudi hakuwahi, na hakutaka kuanza uzeeni. Lakini pia yeye ni baba wa mabinti wawili. Alimwona Divya akiwa mdogo amekaa juu ya kaunta ya duka akila njugu. Kama usukani ule mwepesi ungekuja kuua mtu kwenye barabara ya Webuye, nani angesema mkono wa Munene haumo?

Akaendelea na kazi huku akiwa hajaamua. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mafundi wa Kitale wanalitaja mpaka leo.

Kila boksi ya usukani ina mkono wa chuma chini yake, unaosukuma fito za magurudumu. Kwenye ile pikapu, mkono huo ulitazama nyuma. Munene alipoufunga hivyo hivyo ndani ya Austin, ukagonga sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Basi akafanya alichoona ni chepesi: akaugeuza utazame mbele. Bolti zikaingia, fito zikashika, pampu ikazunguka. Akafunga kila kitu, akalishusha gari kwenye jeki, akaketi kwenye usukani akiwa na raha zake, akawasha moto na kuzungusha kulia.

Wa kwanza kuona alikuwa Wilkista, mama kutoka pande za Bungoma anayeuza chai na mandazi ng'ambo ya njia.

"Weee, Munene!" aliita, birika mkononi. "Mbona unakata raiti na magurudumu yanaenda refti?"

"Wacha mchezo."

"Sio mchezo, bana! Zungusha tena. Haya! Ona! Ati gari rinakataa kusikia mwenyewe!"

Munene akashuka, akainama, akaamini. Kwa kuugeuza ule mkono alikuwa ameigeuza na kazi yake yote: ukikata kulia, gari linakwenda kushoto, ukikata kushoto, linakwenda kulia. Mtu wa usukani, miaka thelathini, ametengeneza gari linalokwenda kinyume. Kabla ya saa sita mchana, mafundi wa gereji tatu walikuwa wamekuja kujionea, na mmoja akauliza kama gari hilo likirudi nyuma ndipo litanyooka.

Leo anacheka akilisimulia. Siku ile hakucheka. Lakini alipoketi kunywa chai ya Wilkista, ambayo siku hiyo alipewa bure kwa huruma, akaona kitu kingine ndani ya aibu yake. Alikuwa amepata njia. Angeweza kwenda kwa Mzee Madanlal na kumwambia imeshindikana, na shahidi angekuwa mji mzima. Savitri angelala usingizi. Divya angefika Bungoma salama. Na yeye Munene hangekuwa amefanya kazi mbovu makusudi, kwa sababu ubovu wenyewe ulikuja bila kuitwa.

"Nilitoka hapa nikienda dukani, na uongo nilikuwa nayo tayari kwa mdomo," anasema. "Nilifanya mazoezi njiani. 'Mzee, imekataa. Gari ni ya zamani, boksi ni ya kisasa, hazipatani.' Nikasema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuamini mwenyewe."

Mzee alimkaribisha nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji, akamwekea kiti. Munene akafungua mdomo. Ila alianza na lile kosa, jinsi magurudumu yalivyokwenda upande usiotakiwa, ili habari ya kushindikana iwe na mahali pa kukaa.

Mzee Madanlal alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akataka kujua imekuwaje. Mkono ulitazama wapi? Kwenye pikapu ulitazama wapi? Akachukua chaki ya dukani akachora sakafuni. Munene akamsahihisha mchoro. Mzee akauliza, je, ukiurudisha utazame nyuma, na boksi yote uisogeze mbele kidogo, haitakwepa sampu? Munene akasema hapana, mbele kuna chuma cha bodi, labda uitengenezee kibebeo kipya, uichomelee chini zaidi, halafu ule mti wa usukani uukate na kuutia kiungo cha kupinda, hapo sasa...

"Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimeshamwambia dawa yake yote! Mzee akanipiga bega, akasema, 'Sawa, fundi. Alhamisi?' Na mimi nikasema Alhamisi."

Anatikisa kichwa. Kwa mtu anayeipenda kazi yake, uongo kuhusu kazi hiyo ni mgumu kuumaliza. Katikati ya njia ukweli huingia wenyewe kwa sababu ni mtamu zaidi kuusimulia.

Alipopita mbele ya duka, Savitri alimwuliza kwa macho tu. Munene akatikisa kichwa. Mama huyo hakupiga kelele. Alisema maneno machache, na Munene anayakumbuka yote.

"Kitu ikifanyika, fundi, mimi nitajua ni mkono ya nani."

Siku zilizofuata Munene alifanya kazi kama mtu anayetengeneza kitanda cha mgonjwa wake mwenyewe. Alichomelea kibebeo, akakibomoa, akakichomelea upya. Kila nati aliifunga na waya ili isilegee. Aliikagua tena mara ambazo hazikuhitajika. Wacuka alimwambia aache kulitazama gari hilo, litaona haya. Hofu ilikuwa imemshika na hakuificha: alikuwa na hakika kwamba anatengeneza kazi bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, na kwamba ingekuwa bora asingeifanya.

Munene ana desturi moja ambayo wateja wake wanaijua. Gari likikamilika, yeye halijaribu barabarani. Mwenye gari ndiye anayeshika usukani kwanza, na fundi anakaa kando yake. Kama kuna kasoro, anasema, iwapate wote wawili. Alhamisi hiyo desturi hiyo ilimtisha. Angepanda kando ya mzee asiyeona vizuri, kwenye barabara ya Kiminini, hiyo ya kwenda Bungoma, kukiwa na ng'ombe, na baiskeli, na watoto wa shule.

Mzee Madanlal alifika amevaa koti na tai. Savitri alikuja nyuma yake, akaketi kiti cha nyuma bila kuambiwa. Kama kuna baya, naye alitaka awepo. Wilkista aliacha birika lake, akasimama mikono kiunoni.

Mzee akaingia kwenye kiti cha dereva. Akawasha moto. Gari likiwa limesimama pale pale, akazungusha usukani kulia kwa kidole kimoja. Magurudumu yakaenda kulia. Akazungusha kushoto. Yakaenda kushoto. Akarudia, polepole, kama anayekoroga chai. Munene alikuwa ameshafungua mlango wa kando, mguu mmoja ndani.

Mzee akazima moto. Akashuka.

"Savitri, njoo hapa mbele."

Savitri alidhani kuna kitu kimeanguka chini ya kiti. Akashuka, akaja. Mzee akamwonyesha kiti cha dereva.

"Keti."

"Mimi, Bauji?"

"Nani mwingine? Mimi naona wewe ni kama uko ndani ya moshi. Nitapeleka Divya Bungoma namna gani? Wewe ni mama yake, wewe utapeleka."

Mzee akaendelea, sasa akimwambia Munene zaidi kuliko mkamwana wake. Marehemu mkewe alitaka sana kuliendesha gari hilo, alisema. Alijaribu, mikono ikakataa. Yeye mzee akamwambia angoje, litatengenezwa liwe jepesi. Lakini miaka ile lilikuwa jepesi kwa mzee mwenyewe, kwa hivyo hapakuwa na haraka. Mkewe alingoja mpaka akaondoka duniani.

"Huyu Savitri pia alijaribu wakati alikuja kuolewa kwetu. Nilimuona, yeye hakujua. Alishindwa kutoka kwa geti."

Savitri alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akautoa, akasema kwa ukali, kama watu wanavyosema wanapojizuia kulia.

"Sasa Bauji, si ungesema! Sisi tunaogopa hii miezi yote, wewe umenyamaza tu!"

"Nani aliniuliza?" mzee alijibu. "Bwana yako alisema uza. Wewe ulisema wacha. Daktari alisema usiendeshe. Kila mtu aliniambia. Hakuna mtu aliuliza, hii nyepesi unataka ya nini."

Munene anaposimulia hapo huacha kujifuta mikono. Anasema alisikia joto likipanda shingoni, kwa sababu jicho la mzee lilipozunguka lilimpitia na yeye. Kama uongo wake ungefanikiwa kule nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji, angerudi nyumbani akijiona mtu mwema. Na Austin ingebaki nzito, na mzee asingesema, maana si mtu wa kubembeleza.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, desturi yake ilivunjika. Savitri alishika usukani, Mzee Madanlal akaketi kando, na fundi akawekwa nyuma kama mzigo. Walikwenda hadi Kiminini na kurudi. Savitri alikata kona kwa mkono mmoja, akacheka peke yake, akakata nyingine ambayo haikuwa lazima. Mzee alilalamikia gia njia nzima.

Disemba, Divya alifika Bungoma ndani ya gari la babu yake, limefungwa maua, mama yake akiendesha. Munene alialikwa. Alisimama mlangoni mwa ukumbi na watu wengine, na gari lilipokaribia aliyatazama magurudumu ya mbele kwanza, halafu bibi harusi. Anakiri. Yalikuwa yamenyooka.

"Nililia kidogo," anasema. "Usiandike. Ama andika tu, haina shida."

Tangu siku hiyo, mtu akileta gari, Munene hainami chini kwanza. Anaosha mikono, anavuta kiti, anauliza: nani ataendesha, na anataka kwenda wapi nalo? Wengine huona ni maswali ya polisi. Lakini majibu yamemshangaza. Chepkorir, anayesafirisha vitunguu kutoka mitaa ya Mlima Elgon kwa pikapu kuukuu, alikwenda kwake akitaka boksi ikazwe. Alipoulizwa, ikatokea kwamba shida yake ilikuwa kiti: alikuwa mfupi, na kila akikata kona alining'inia kwenye usukani. Munene alipandisha kiti kwa vipande vya mbao na kurekebisha boksi kidogo tu.

"Fundi wa kwanza kuniangalia mimi, sio gari," Chepkorir anasema. "Nilishtuka. Nilifikiria ananitongoza."

Mzee Madanlal yu hai, na bado anapanda Austin yake kila Jumapili, upande wa abiria, na tai yake. Macho yamezidi kupungua, lakini gia anazisikia zote.

Saa nne inapokaribia, jua limeshinda ukungu, na Wacuka amefika gerejini na chai ya mumewe kwenye chupa. Yeye ana shamba dogo la mboga upande wa Kiminini na hupita hapa akitoka sokoni. Mwandishi anamwuliza Munene swali ambalo magazeti hayawezi kuliacha: mipango yake ya mbele ni ipi?

Anafikiri. Bega la kulia limeanza kumuuma, anasema, na kulala chini ya magari kunazidi kuwa kazi. Anataka apunguze boksi, abaki na zile ngumu tu. Anataka, akipata mtaji, kujenga banda la mawe Kiminini, karibu na barabara, ambapo wanawake wenye pikapu wanaweza kuingia bila kuruka madimbwi. Halafu anasita, anamgeukia mkewe. Inaonekana ni wazo la sasa hivi.

"Na wewe? Wewe unataka nini?"

Wacuka anamimina chai. Hana haraka.

"Umeanza kuuliza na mimi? Haya. Nataka tuende Bungoma siku moja, sisi wawili. Sio kuchukua bushi. Kwenda tu."

"Hiyo ni rahisi. Savitri anaweza tupatia hata ile Austin."

"Sijamaliza. Nataka tuende na usisikize gari."

"Nisisikize namna gani?"

"Miaka yote hii, tukipanda gari, ya mtu yeyote, mimi nikianza kukuongelesha unainua kidole. 'Ngoja kwanza, kuna kitu inalia huko chini.' Tunafika, umejua gari yote, na mimi nimebaki na hadithi yangu. Nataka siku moja unisikize mimi, kutoka hapa mpaka Bungoma. Gari ilie vile inataka."

Munene anaishika chai yake kwa mikono miwili. Anaupima mpango huo kwa uzito uleule anaoupa usukani wa mtu, na uso wake unaonyesha kwamba katika yote aliyoyataja asubuhi hii, banda la mawe na bega na mtaji, hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo analolitaka zaidi.

"Mpaka Kiminini naweza," anamwambia mkewe. "Kutoka hapo, wewe nishike mkono nisiinue kidole."